TUJUE VYOMBO VYETU: Simu Inapokataa Kidole Ikiwa Kwenye Chaji

 

Mwezi huu tunazungumza habari za simu inayofunguliwa kwa kidole. Simu za namna hii zimefika vijijini. Wengine wamezinunua Iringa mjini baada ya kuuza nyanya. Wengine wameletewa na watoto wao wanaofanya kazi Dar es Salaam. Baadhi ya simu hizo huchajiwa hata bila waya. Unailaza simu juu ya kisahani, na umeme unaingia.

Lakini kuna jambo linalowasumbua watu. Simu ikiwa kwenye chaji, hasa juu ya kisahani, huweza kukataa kidole cha mwenyewe. Anaweka kidole mara ya kwanza, haifunguki. Anaweka mara ya pili, haifunguki. Wako wanaodhani simu imekufa. Wako wanaodhani wezi wameiingilia. Na wako wanaomkabidhi fundi wasiyemjua simu yao pamoja na namba ya siri. Hapo ndipo hasara huanza.

Kwa nini jambo hili ni kubwa?

Zamani simu ilikuwa ya kusalimiana tu. Leo simu ni mkoba wa fedha. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo fedha za mazao, ada za shule na nauli za wagonjwa hupita kwenye simu.

Mwaka 2022, katika sherehe za Nane Nane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Wakulima walitakiwa kujiandikisha, na ujumbe wa namba ya kununulia mbolea ulifika kwa simu. Basi mkulima ambaye simu yake imejifunga wakati wa kupanda ana shida ya kweli. Yafaa ajue la kufanya kabla ya siku hiyo.

Simu husomaje kidole?

Tazama ncha ya kidole chako kwenye mwanga. Utaona mistari midogo. Mistari hiyo ni kama shamba lililolimwa matuta. Kuna matuta na kuna mifereji kati yake. Hakuna watu wawili wenye matuta yaliyopangwa sawasawa. Hata ndugu pacha hawafanani vidole.

Kwenye simu kuna sehemu ndogo ya kuwekea kidole. Simu nyingine sehemu hiyo iko mgongoni. Nyingine iko ubavuni, penye kitufe cha kuwashia. Nyingine iko chini ya kioo cha mbele. Simu ya iPhone 5s ya kampuni ya Apple ya Marekani ilitoka mwaka 2013 ikiwa na sehemu ya namna hii. Baadaye kampuni nyingi zilifuata.

Sehemu ya mgongoni na ya ubavuni kwa kawaida husoma kwa umeme mdogo sana. Tuta la kidole linagusa, mfereji haugusi. Simu inapima tofauti hiyo na kupata ramani ya kidole. Sehemu iliyo chini ya kioo husoma kwa mwanga au kwa sauti ambayo sikio halisikii. Kisha simu hulinganisha ramani hiyo na ile uliyoiandikisha siku ya kwanza. Zikilingana, mlango hufunguka. Zisipolingana, mlango hubaki umefungwa.

Kwa hiyo sehemu ya kidole haimtambui mtu kwa sura wala kwa jina. Inajua ramani ya matuta tu. Matuta yakifunikwa na tope, au yakisagika kwa kazi, au umeme ukivuruga upimaji, simu haitakujua hata kama ulikuwa nayo asubuhi nzima.

Umeme hupitaje bila waya?

Hapa hakuna uchawi. Ndani ya kisahani kuna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Ndani ya mgongo wa simu kuna waya mwingine wa namna hiyo. Umeme ukipita katika waya wa kisahani huku ukibadilika haraka, hufanya nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo huruka nafasi ndogo na kuamsha umeme katika waya wa simu. Mwingereza Michael Faraday aligundua jambo hilo mwaka 1831.

Sisi wa Iringa tunalo karibu nasi. Maji ya Ruaha Mdogo yanayopita Kalenga huingia Ruaha Mkuu, kisha huenda bwawa la Mtera. Hapo mitambo yenye uwezo wa megawati 80 huzungushwa na maji. Chini zaidi, Kidatu, kuna mitambo ya megawati 204. Mitambo hiyo yote hutoa umeme kwa sumaku na waya wa shaba. Kisahani cha chaji ni mtoto mdogo wa kazi hiyo hiyo.

Lakini umeme unaopita bila waya hupotea zaidi njiani kuliko unaopita katika waya. Unaopotea hugeuka joto. Ndiyo maana simu iliyo juu ya kisahani hupata moto zaidi.

Sababu za simu kukataa kidole

Ya kwanza ni mkao. Simu ikilazwa juu ya kisahani, mgongo wake umefunikwa. Kama sehemu ya kidole iko mgongoni, kidole hakiwezi kufika. Kama iko ubavuni au chini ya kioo, kidole hufika kwa upande mwingine. Siku ya kuandikisha uliishika simu mkononi na kidole kililala. Sasa iko mezani na unagusa kwa ncha. Simu inaona matuta mengine.

Ya pili ni joto. Simu ikipata moto, kidole hutoa jasho. Jasho hujaza mifereji, na simu haioni tena tofauti ya tuta na mfereji. Simu yenye moto mwingi pia hupunguza kazi zake ili kulinda betri.

Ya tatu ni chaja mbovu. Chaja ya bei ndogo isiyo na ubora hupitisha umeme usiotulia. Umeme huo huvuruga upimaji mdogo wa kidole. Dalili yake ni rahisi kuona. Kioo hujibofya chenyewe, au herufi huruka unapoandika. Pengine ukigusa chuma cha simu unahisi mwasho mdogo. Chaja ya namna hiyo usiitumie tena.

Ya nne ni kidole chenyewe. Mkulima wa nyanya anajua jinsi mikono inavyokuwa myeusi baada ya kupogoa. Utomvu ule hufunika matuta. Mjenzi anayeshika saruji na chokaa husagika ngozi. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya Iringa hukausha vidole hadi vikapasuka. Wazee nao matuta yao yamelika kwa miaka mingi ya jembe. Hao wote simu huwakataa mara nyingi, na huwakataa zaidi ikiwa kwenye chaji.

Ya tano ni kifuniko. Kioo cha kinga kilichobandikwa kinaweza kuwa kinene mno kwa simu inayosoma chini ya kioo. Kava lenye chuma, au sarafu iliyosahaulika kati ya simu na kisahani, huleta moto.

Ya sita watu wengi hawaijui. Simu ikizimika kabisa kwa kuishiwa chaji, kisha ikawaka tena, haikubali kidole. Hudai namba ya siri kwanza. Imetengenezwa hivyo kwa usalama wako. Simu ya namna hii haikuharibika. Inafanya kazi yake. Ukiingiza namba ya siri mara moja, kidole kitakubaliwa tena.

Tafuta ubovu kama unavyotafuta kwenye pampu

Pampu ya kumwagilia ikigoma, mkulima mwenye busara hafungui injini mara moja. Kwanza hutazama mafuta. Kisha hutazama mpira wa kuvutia maji, asije akakuta umetoka mtoni. Kisha plagi. Anaondoa sababu moja baada ya nyingine mpaka anakutana na mwenye kosa.

Fanya hivyo hivyo kwa simu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Ukikataliwa mara mbili, acha. Usiendelee kubofya kwa hasira. Ukikosea mara tano mfululizo, simu nyingi hukifunga kidole kwa muda au hudai namba ya siri.

2. Ingiza namba ya siri. Kama simu ilikuwa imezimika, huenda shida imeishia hapo.

3. Iondoe simu kwenye kisahani, au chomoa waya. Iweke kivulini mpaka ipoe. Usiiweke kwenye maji wala ndani ya jokofu.

4. Nawa mikono kwa sabuni. Kausha vizuri. Kama ngozi imekauka na kupasuka, paka mafuta kidogo, kisha futa yale ya juu. Futa na sehemu ya kidole kwa kitambaa laini kikavu. Usikwaruze kwa kisu wala mchanga.

5. Jaribu kidole simu ikiwa nje ya chaji. Hii ndiyo hatua kubwa. Simu ikikubali nje ya chaji na kukataa kwenye chaji, basi kidole chako hakina kosa. Kosa liko kwenye mkao, joto au chaja. Simu ikikataa hata nje ya chaji, basi tazama kidole, kioo cha kinga, au namna ulivyoandikisha.

6. Jaribu chaja nyingine nzuri inayofaa simu hiyo. Kama tatizo limekwisha, umempata mwenye kosa. Toa pia kava, ujaribu tena.

7. Kama bado, nenda kwenye mipangilio ya simu. Futa kidole cha zamani na ukiandikishe upya. Simu itadai namba ya siri kabla ya kukuruhusu.

8. Yote hayo yakishindikana, ndipo umtafute fundi anayejulikana. Yawezekana sehemu ya kidole imekufa. Hata hivyo simu itaendelea kufunguka kwa namba ya siri. Hulazimiki kununua nyingine.

Namna nzuri ya kuandikisha kidole

Usiandikishe kidole asubuhi ya sikukuu tu, ukiwa umeoga na mikono ni laini. Andikisha kidole kimoja siku hiyo. Kisha andikisha tena kidole hicho hicho jioni baada ya kazi za shamba na kunawa. Simu nyingi hukubali vidole zaidi ya kimoja, na kidole kimoja waweza kukiandikisha mara mbili.

Andikisha pia kidole cha mkono usioutumia sana. Kwa mtu anayelima kwa mkono wa kulia, kidole cha pete cha mkono wa kushoto hakisagiki upesi. Tena andikisha ukiwa umeilaza simu mezani, ili izoee mkao wa kwenye chaji. Unapoandikisha, geuza kidole kidogo kidogo, pande zote na ncha.

Jua namba zako tatu

Watu wengi hupoteza fedha au laini kwa kuchanganya namba. Zipo namba tatu za siri, na kila moja ina kazi yake.

Namba ya kwanza hufungua simu. Ukiisahau, fundi anaweza kulazimika kufuta kila kitu kilichomo, pamoja na picha na majina.

Namba ya pili ni ya laini. Si kila mtu ameiweka. Ukiikosea mara tatu, laini hujifunga na kudai namba ndefu ya tarakimu 8 iitwayo PUK. Ukikosea hiyo mara kumi, laini hufa. Usibahatishe. Uliza kampuni ya laini yako.

Namba ya tatu ni ya fedha. Hii usimwambie mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Jambo moja liwatulize wananchi. Fedha zako hazikai ndani ya chombo cha simu. Ziko kwenye hesabu yako katika kampuni, nawe unazifikia kwa laini. Simu ikijifunga leo na una mgonjwa wa kupeleka hospitali, toa laini yako. Iweke kwenye simu nyingine, hata ya kitochi. Kisha tumia fedha zako kwa namba ya siri ya fedha. Tena simu iliyofungwa bado huweza kupiga namba ya dharura 112.

Tujilinde

Kwenye kibanda cha kuchajia, acha simu ikiwa imefungwa. Mwenye kibanda hahitaji namba yako ili kuchaji. Fundi akihitaji kuijaribu simu, ingiza namba mwenyewe, naye asione. Kama huna budi kumwachia simu, toa laini kwanza uende nayo.

Kidole nacho kina udhaifu wake. Mtu hawezi kukutoa namba kichwani ukiwa umelala. Lakini kidole chako anaweza kukishika na kukiweka kwenye simu. Msimu wa ulanzi hilo si jambo la kucheka. Mwenye kusinzia kilabuni, kidole chake ki wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo fedha zilindwe kwa namba, na usiruhusu kidole peke yake kitoe fedha.

Laini na kidole

Kidole kinahitajika pia nje ya simu. Tarehe 1 Mei 2019 Tanzania ilianza nchi nzima kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Mwisho ulikuwa Desemba 31, kisha ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Wenye vidole vilivyosagika walipata taabu mbele ya wakala, taabu ile ile ya simu kwenye chaji. Ukienda kurudisha laini iliyopotea, nawa mikono vizuri kabla ya kwenda. Kidole kimoja kikikataliwa, mwombe wakala ajaribu kingine. Ijue namba yako ya NIDA yenye tarakimu 20. Iandike na uitunze nyumbani.

Kutoka dole gumba hadi namba

Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo mtu asiyejua kusoma alipiga dole gumba kwenye wino. Hakujua karatasi inasema nini. Aliyejua kusoma ndiye aliyeshika kalamu, na mara nyingine ndiye aliyemdhulumu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wakaingia darasani ili waandike majina yao wenyewe.

Leo kidole kimerudi ndani ya simu. Ni kitu kizuri, kinaokoa muda. Lakini siku kinapokataliwa, anayeokoka ni yule anayeweza kusoma maneno ya kioo na kukumbuka namba yake mwenyewe. Simu hueleza shida yake kwa maandishi. Husema imepata joto, au husema ingiza namba ya siri kwa kuwa ilizimika. Asiyesoma atampa mtu mwingine amsomee, na pamoja na kusoma atampa na ufunguo.

Basi kila mmoja wetu asome maneno hayo mwenyewe. Asiyeweza, ajifunze kwa mwenzake darasani.

Maana ya maneno

Chaja: chombo cha kuingizia umeme kwenye simu.
Laini: kadi ndogo ndani ya simu yenye namba yako.
Mipangilio: sehemu ya simu ya kubadilishia namna inavyofanya kazi.
Kitochi: simu ndogo ya vitufe.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini simu iliyozimika hudai namba ya siri kabla ya kidole?
2. Simu yako inakubali kidole nje ya chaji, lakini inakataa kwenye chaji. Utachunguza vitu gani?
3. Taja namba tatu za siri na kazi ya kila moja. Usitaje namba zako!
4. Simu yako imejifunga na unahitaji fedha leo. Utafanyaje?
5. Katika kijiji chenu, ni kazi gani zinazosaga vidole zaidi? Wenye kazi hizo wajilinde vipi?